Sentimita Nne

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii imenipa tabia mbaya: siwezi kumtazama mtu bila kumpima. Mteja akiingia dukani, kabla sijamjibu salamu macho yangu yameshamzunguka kifua na kiuno. Kwa hiyo msinilaumu kwamba nilikuwa wa kwanza kujua siri ya mchumba wangu. Kama mnataka kunilaumu, nilaumuni kwa kuinyamazia siku mbili nzima.

Mchumba wangu mtaani wanamwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Anachomelea mageti na madirisha ya chuma, na jina hilo alilipata kwa jinsi anavyosimamisha mageti yake. Mafundi wenzake wakipeleka geti kwa mteja huita watu wanne wa kusaidia. Yeye huinama peke yake, anaweka bega la kulia chini ya fremu, anavuta pumzi moja, na geti linapanda mpaka bawaba zinakaa kwenye pini zake. Watu huacha shughuli zao kumtazama. Wanawake ndio usiseme, tena wengine hawana hata ukuta wa kuwekea hilo geti, lakini hayo tuyaache.

Mimi nilimpendea jambo jingine kabisa. Siku ya kwanza alipokuja kushonesha ovaroli alisimama mlangoni, akaomba maji, akanawa mikono hadi viwiko, ndipo akagusa kitambaa. Mwanaume mzima, mabega yamejaa mlango, anaogopa kuchafua nguo za watu. Hapo nikawa nimekwisha. Baba yangu naye alimkubali, ila kwa lile bega. Baba ni fundi mwashi aliyestaafu, amejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu, na kwake mwanaume ni mgongo wake na neno lake, basi. Kaka yangu, dereva wa lori, amerithi fikra hizo zote bila kuacha hata moja.

Alhamisi Winchi alikuja nimpime koti la harusi. Nilifungua daftari langu la vipimo kwenye ukurasa wa ile ovaroli ya mwaka jana. Mkono wa kushoto juu ya kiwiko ulikuwa sentimita thelathini na saba, na bado ni thelathini na saba. Nikazungusha futi ya kupimia kwenye mkono wa kulia. Thelathini na tatu. Nikadhani futi imejikunja, nikapima tena. Ilikuwa thelathini na tatu ileile, na bega lenyewe lilikuwa limeshuka kidogo kuliko mwenzake.

Aliniambia amepunguza mazoezi. Nikamuuliza ni mazoezi gani hayo yanayopunguzwa upande mmoja. Alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni, akakaa kwenye kiti cha wateja na kunisimulia. Miezi mitatu iliyopita, akisimamisha geti la ghala moja, kitu kililia shingoni. Daktari alimwonyesha picha: mfupa wa shingo unabana mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi. Akamkataza kunyanyua kitu chochote kizito mpaka atibiwe, akamwambia wazi kwamba akishupaa mkono huo utakufa na hautarudi. Tangu siku hiyo vidole viwili vilikuwa havishiki hata bisibisi. Alikuwa hajamwambia mtu. Alikuwa akichukua kazi ndogondogo za madirisha na kusingizia kwamba ana oda nyingi.

Kisha akaniomba niape kwamba sitamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Nikaapa. Mapenzi bwana, yanaweza kumfanya mtu mwenye akili zake timamu aape upuuzi.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Baba alikuwa amemwagiza Winchi geti la nyumba yetu. Mabati ya chuma alinunua mwenyewe, ya unene wa milimita mbili, akaandika jina lake kwa chaki kwenye kila bati na kuyapeleka karakana. Jumamosi saa kumi wazee wa Winchi walikuwa waje kwetu kupanga tarehe ya harusi, na Baba alishatangaza kwamba wazee hao watapita kwenye geti jipya, tena geti lililosimamishwa na mkwe wake peke yake, bila msaada. Sifa alizisikia sana, alisema, sasa alitaka kuona kwa macho yake.

Usiku wa kuamkia Jumamosi sikulala. Asubuhi Mama aliingia chumbani kwangu kuchukua mkanda niliomshonea rafiki yake wa kwenye chama, mkanda mpana wa turubai wenye vifungo vinne vya chuma, wa kukaza kiuno kwa mtu mwenye matatizo ya mgongo. Kila mwaka namshonea mmoja, sentimita mia moja na nne. Nilimtania Mama kwamba huyo rafiki yake ana bahati, miaka yote hanenepi wala hakondi. Hakucheka. Aliubana mkanda kwapani akatoka haraka.

Saa nane gari la mizigo lilifika. Kaka na dereva wa gari hilo waliteremsha geti, wakaliegemeza kwenye nguzo ya ukuta. Winchi alishuka akiwa na ovaroli safi, akamwamkia Baba, akamwamkia Mama, kisha macho yake yakanitafuta. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni. Nilimtazama kwa maombi yote niliyonayo, naye akayakwepa macho yangu.

Baba alilisogelea geti. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini. Halafu akarudia katikati. Mtu aliyekaa kwenye ujenzi miaka arobaini hahitaji rula.

"Hii ni milimita moja," alisema. "Mimi nilikupa mbili."

Winchi aliuzamisha mkono zaidi mfukoni.

"Mabati yangu yako wapi?"

Nilielewa palepale. Alikuwa ametengeneza geti jepesi ili aweze kulibeba. Nikasubiri aseme. Kaka naye alikuwa anasubiri, mikono kiunoni, na uso wake ulishaanza kufurahia ugomvi.

"Niliyatumia kwenye kazi nyingine, mzee," Winchi alisema. "Nitayarudisha."

Kaka alisema aseme tu kwamba ameyauza, tuyajue. Baba hakupaza sauti, na nyumbani kwetu sote tunajua kwamba Baba asipopaza sauti ndipo mambo yameharibika. Alisema kwamba katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kuondoka na hata ndoo ya mchanga ya mtu, na kwamba hawezi kukaa na wazee wa watu saa kumi kuzungumzia kumkabidhi binti yake kwa mwizi. Akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane na nusu. Akasema anampa fundi nafasi ya kwenda kunywa maji na kufikiri atawaambia nini wazee wake.

Nilimpeleka nyuma ya nyumba, penye bomba la maji.

"Mabati yako wapi?" nilimuuliza.

"Karakana. Nyuma ya mashine, nimeyafunika."

"Yote?"

"Yote. Hata chaki ya baba yako haijafutika."

"Sasa mbona unajiita mwizi?"

Alifungua bomba, akanawa uso kwa mkono mmoja, taratibu, akijipa muda. "Mwizi akirudisha mali, yamekwisha," alisema. "Watanisema mwezi, watanisema miwili, watasahau. Lakini nikisema siwezi kunyanyua geti, nitarudisha nini? Nani ataniletea kazi? Na baba yako akuoze kwa mtu gani, mtu wa kufunguliwa chupa ya soda?"

"Mimi ndiye ninayeolewa. Baba haolewi."

"Wewe ulimpenda Winchi."

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja, nikajizuia yote mawili kwa sababu Kaka alikuwa akichungulia kwenye kona ya ukuta. Nilimwambia kwamba nilimpenda mtu aliyenawa mikono kabla ya kugusa kitambaa, na kwamba mageti yake sijawahi hata kuyaangalia akiyabeba. Hapo nilidanganya kidogo. Niliyaangalia.

Alisema geti hili ni jepesi, atalisimamisha mara moja tu, Baba ataona, hasira itashuka, kisha atayarudisha mabati na kuanza matibabu kimyakimya. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akajibu kwamba daktari hana mkwe wa kumwonea aibu.

"Niliapa, sitasema," nilimwambia, na machozi sasa yalikuwa yananitoka bila kuniomba ruhusa. "Lakini nisikilize. Leo umechagua uitwe mwizi ili usiitwe mgonjwa. Siku nikiugua mimi, utanificha wapi? Nikizaa mtoto dhaifu, utasema ni wa jirani? Ukishikilia neno lako hilo mpaka saa kumi, wazee wako watakuta chumba changu kimefungwa, na sitafungua."

Alinipangusa shavu kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulining'inia tu. Nikakumbuka kwamba kwa miezi mitatu alikuwa akinigusa kwa mkono wa kushoto, akinishika kiuno kwa wa kushoto, na mimi ninayejigamba kupima watu kwa macho sikuona kitu. Aibu ikanishika na mimi. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alishageuka kurudi mbele.

Alikwenda moja kwa moja kwenye geti. Baba alikuwa amekunja mikono kifuani. Mama alisimama kizingitini na sinia la vikombe vya wageni. Winchi aliinama, akaingiza bega lake la kulia chini ya fremu kama siku zote, akavuta pumzi yake ile moja.

Geti lilitoka ardhini inchi moja, labda mbili. Nikaona mshipa wa shingo umemsimama. Nikaona vidole vya mkono wa kulia vinaachia fremu, kimoja baada ya kingine, vyenyewe, na yeye hana habari navyo. Mdomo wangu ulishafunguka kuvunja kiapo, liwalo na liwe.

Ndipo akalishusha. Alilishusha polepole, akaliegemeza vizuri kwenye nguzo, akanyooka.

"Mzee, siwezi," alisema.

Baba alimuuliza hawezi nini.

"Siwezi kulinyanyua. Hata hili jepesi. Shingo yangu imeumia tangu miezi mitatu iliyopita, mkono unakufa. Mabati yako yapo karakana, sijauza hata moja. Nilitengeneza jepesi ili nisiaibike mbele yako." Alimtazama Baba machoni. "Sasa nimeaibika. Lakini mwizi mimi siyo."

Sauti ilimkatika kwenye neno la mwisho, na hakuificha. Nimemwona akiwa kifua wazi, nimemwona amevaa suti, lakini sijawahi kumwona mzuri kama alivyokuwa dakika ile, na jasho lake na aibu yake.

Kaka akasema, ahaa, sasa ameugua ghafla. Hilo ndilo lililoninyanyua mimi. Futi yangu haikosi shingoni, hata nikiwa nyumbani. Nilimwendea Winchi, nikamkunja mikono ya ovaroli, nikapima mbele yao wote.

"Kushoto, thelathini na saba," nilisema kwa sauti. "Kulia, thelathini na tatu. Njoo usome mwenyewe, Kaka, kama hapo pia kuna mchezo."

Kaka alikuja. Akasoma, akasoma tena, akaushika ule mkono na kuuachia taratibu. Alirudi nyuma akatazama viatu vyake.

Baba alisema pole, na nadhani aliisema kwa dhati. Kisha akasema lile nililokuwa nikiliogopa tangu Alhamisi. Alisema heshima ya ukweli ameiona na neno la wizi amelifuta, lakini yeye haozi binti yake akawe muuguzi. Mwanaume ndiye anayembeba mke, siyo mke kumbeba mwanaume. Akamwambia Winchi awapigie simu wazee wake wasije.

Winchi aliitikia kwa kichwa. Hakubisha. Aliinama akaanza kukusanya vifaa vyake kwa mkono wa kushoto, na kule kukubali kwake kuliniuma kuliko maneno ya Baba. Nilifungua mdomo, lakini Mama alinitangulia. Aliweka sinia chini.

"Baba watoto," alisema, "vua shati."

Tuligeuka wote. Mama yangu si mtu wa kuingilia mazungumzo ya wanaume. Baba alimuuliza kwa sauti ya chini ameanza nini.

"Vua shati, watoto waone. Au nitasema mimi."

Baba hakusogea. Alisimama wima, wima sana, kama anavyosimama siku zote, na mimi nikamtazama baba yangu kwa macho ya kazini kwa mara ya kwanza. Suruali yake nilimshonea mwenyewe. Kiuno, mia moja na nne. Yule rafiki wa kwenye chama, asiyenenepa wala kukonda. Mama yangu, na mikanda yangu.

"Miaka sita," Mama alisema. "Kila asubuhi, kabla ninyi hamjaamka, naweka goti langu mgongoni kwake na kuukaza ule mkanda. Viatu vyake namfunga kamba mimi. Kitandani namgeuza mimi. Nani amembeba nani humu ndani?" Akamgeukia Baba, na sauti yake ikalainika. "Na sijawahi kukuona umepungua, hata siku moja. Kukubeba sijachoka. Nilichochoka ni kuficha."

Kaka alikuwa akimtazama Baba kana kwamba amekutana naye leo. Sote tuliona miaka yote hiyo Mama akipiga magoti kumfunga Baba kamba za viatu, tukasema ona mapenzi ya wazee. Na yalikuwa mapenzi, ila hatukujua yanafanya kazi gani.

Nilidhani Baba ataingia ndani na kufunga mlango. Alipiga hatua moja kuelekea huko. Kisha akaigeuza ndoo ya saruji iliyokuwa pale, akaikalia, taratibu, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Siku zote niliuita mkao huo heshima ya uzee. Akakaa akitazama lile geti jepesi lililoegemea nguzo.

"Usiku unalala upande gani?" aliuliza.

Hatukujua anamuuliza nani. Winchi aliacha vifaa vyake.

"Silali, mzee. Nakaa kitako mpaka kunapambazuka."

"Lala upande wa kushoto," Baba alisema. "Huo mkono uwekee mto chini yake, usining'inie. Mimi wangu naweka katikati ya magoti." Alikohoa kidogo. "Mama yao ndiye aliyegundua."

Mama alijifanya anapanga vikombe. Nilimwona anafuta macho na pembe ya kitambaa cha sinia.

Baba hakusema samahani, msitegemee makubwa. Alisema geti hilo liondoke mbele ya macho yake, lirudi karakana, likatengenezwe upya kwa mabati yake ya milimita mbili, maana ugonjwa ni ugonjwa na kazi ni kazi. Siku litakaporudi, Kaka atalishika upande mmoja, dereva upande wa pili, Winchi ataelekeza. Kaka akauliza, na wewe Baba? Baba akamjibu kwamba yeye atakaa kwenye ndoo kama alivyokaa. Na Jumatatu, akamwambia Winchi, asubuhi na mapema, wangekwenda hospitali pamoja, kwa sababu hata yeye daktari wake alimwita tangu mwaka juzi na hakwenda.

Kuhusu wazee hakusema lolote. Alitazama saa tu, akamwambia Mama aongeze kikombe kimoja.

Kaka na dereva walipakia geti. Walipomaliza, Kaka alisimama mbele ya Winchi akitafuta neno, akalikosa, akamfungia kifungo cha mkono wa ovaroli nilioukunja. Ukimjua kaka yangu, utajua hiyo ni hotuba.

Ulibaki mkoba wa vifaa. Winchi, tangu nimjue, hajawahi kuniachia nibebe kitu mbele yake, hata mwavuli wangu mwenyewe. Aliutazama mkoba, akanitazama mimi, na nikaona anavyopigana na neno moja dogo.

"Nisaidie," alisema.

Niliupokea. Yarabi, ulikuwa na uzito ambao sikuutarajia, nondo na nyundo na sijui nini. Nikajikaza, nikatabasamu, nikapiga hatua mbili nikijifanya si kitu, mgongo ukilia. Kisha nikakumbuka tulikotoka mchana ule.

"Ni mzito," nilimwambia. "Shika upande ule."

Akashika mpini mmoja kwa mkono wake wa kushoto, mimi mwingine kwa wa kulia, vidole vyetu vikagusana katikati. Tulikuwa bado tumeubeba hivyo, tumefika penye nafasi ya geti lisilokuwepo, wazee wake walipotokea barabarani na nguo zao za heshima, wakatukuta.